Kimo Kipimwe Kabla ya Zege Kumwagwa

Aliyepata kusafiri kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja anaifahamu ile dakika ambayo abiria huacha mazungumzo yao, wakainuka vitini, wakaelekeza macho upande wa mji. Mji Mkongwe haumjii msafiri nyumba moja moja. Humjia kama mstari mmoja mrefu uliochorwa juu ya maji: mapaa yaliyokaribiana kwa kimo, meupe na ya kijivu, na juu ya mapaa hayo vitu vichache tu vilivyoinuka. Kuna mnara wa msikiti wa Malindi, kuna Minara Miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuna mnara wa kanisa la Mkunazini lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Na kwa miaka mingi, mbele ya vyote hivyo, lilikuwako Beit al-Ajaib.

Mstari huo ni mali ya nani? Hapana mtu mwenye hati yake. Mchukuzi wa bandarini anauona bure kila asubuhi, na mvuvi arudiye na ngalawa yake hutazama minara hiyo apate kujua yuko wapi. Mwenye nyumba Shangani ana hati ya kiwanja chake, lakini hana hati ya kile kinachoonekana na wengine kupitia juu ya kiwanja hicho. Na kwa kuwa mstari huo hauna mwenye hati, ni rahisi sana kuuvunja. Yatosha mtu mmoja mwenye fedha kuongeza ghorofa moja, kisha jirani yake aulize kwa nini naye azuiwe.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi mstari ule ulivyopatikana, maana watu wengi hudhani kwamba wazee walikaa barazani wakapanga. Hawakupanga. Mji ulipangwa na boriti. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na miti ya mikoko. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba sakafu hauna urefu mkubwa, na kwa sababu hiyo chumba cha kale, hata kiwe cha tajiri wa namna gani, aghalabu hakizidi mita tatu hivi kwa upana. Tajiri aliweza kukirefusha chumba chake mpaka kikawa kama ukumbi wa kupitia, lakini hakuweza kukipanua. Kadhalika ukuta wa matumbawe na chokaa hubeba mzigo kwa unene wake. Ukitaka kupanda juu huna budi kuunenepesha chini, na ukiunenepesha chini unakula chumba chenyewe. Hivyo fundi mwashi alipofika ghorofa ya pili au ya tatu alisimama, si kwa sababu ya sheria ya mtu yeyote, ila kwa sababu vifaa vyake vilimwambia basi.

Ndiyo maana mapaa ya mji ule yalilingana. Tajiri na maskini walitumia jiwe lile lile na mti ule ule, na vitu vile havikumjali mtu kwa cheo chake.

Saruji na nondo zimekuja na kuiondoa amri hiyo. Fundi wa leo anaweza kusimamisha nguzo nne katika kiwanja chembamba akapanda mpaka fedha za tajiri wake zitakapokwisha. Hatusemi kwamba saruji ni adui. Nyumba ngapi za wafanyakazi zingekuwako bila saruji? Twasema tu kwamba kipimo kilichokuwa ndani ya vifaa sasa hakimo tena, na penye pengo hilo yatupasa tuweke kipimo chetu wenyewe kwa akili na kwa sheria. Tusipokiweka sisi, kitawekwa na mfuko wa mwenye mali.

Hapa msomaji mwenye kupenda hoja ataniuliza: Je, Beit al-Ajaib lenyewe halikuwa jengo refu lililowapita majirani zake wote? Ndiyo, na swali ni la haki. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo, akavunja kwa makusudi kipimo cha boriti, akaweka vyumba na roshani ambazo mji haujapata kuona. Lilitiwa taa za umeme wakati watu wa mitaani hawajui umeme ni kitu gani. Lilikuwa jengo la majivuno ya mfalme, wala hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu mnara wa taa uliokuwa mbele yake, na mnara mwingine ukajengwa baadaye ukaunganishwa na uso wa jumba. Baadaye jumba likawa la Serikali, kisha likawa makumbusho, na mwana wa mkulima wa karafuu akaingia kwa miguu yake katika ukumbi ambao babu yake asingeukaribia mlango.

Basi jumba lililoinuliwa ili mtu mmoja atukuzwe limekuwa alama ya mji mzima. Lakini alama hukaa kuwa alama kwa sababu vingine vyote viko chini yake. Ukijenga jumba la pili la kimo kile kile ubavuni mwake hukupata alama mbili. Umeipoteza ile moja.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tunalitaja jambo hilo kwa masikitiko na kwa sababu maalumu. Kuzuia majengo marefu kuzunguka jumba la kale si kulilinda jumba lenyewe. Unaweza kulizuilia majirani wote wasilifunike, kisha likaoza kwa mvua mbele ya macho yako. Kazi hizi ni mbili, na kila moja ina gharama yake.

Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kabla ya hapo, mwaka 1985, iliundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza, na mwaka 1994 ukapatikana mpango mkuu wa uhifadhi. Haiwezekani basi kusema kwamba sheria hazipo. Hata hivyo mwaka 2015 ilifunguliwa hoteli kubwa katika pwani ya Shangani, sehemu yake ikiwa jumba la kale la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, na sehemu yake ikiwa jengo jipya lililoinuliwa kando yake mbele ya bahari. Kwa miaka kadhaa Kamati ya Urithi wa Dunia ililijadili jengo hilo, ikiutilia mashaka ukubwa wake na kimo chake, hata ikazungumzwa habari ya kuuingiza mji wote katika orodha ya turathi zilizo hatarini. Lakini zege lilikwisha kauka. Hoteli ipo, watu wanafanya kazi ndani yake na kulisha watoto wao, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayekwenda kuwaambia wapishi na wafagizi wale kwamba ghorofa wanayoifagia inabomolewa. Huo ndio ubaya wa kuchelewa. Jambo lililokuwa mstari wa kalamu juu ya karatasi linageuka kuwa riziki ya mamia ya watu, na aliyelikosea tangu mwanzo anakwenda kujificha nyuma yao.

Tukitaka kuona watu waliowahi mapema kidogo, na mahali walipoteleza wao pia, tutazame mji wa London. Huko nako kimo cha nyumba hakikuwekwa na sheria kwanza. Kiliwekwa na ngazi. Hapana mpangaji aliyekubali kulipa kodi nzuri kisha apande ngazi za ghorofa nane na mizigo yake, kwa hiyo nyumba zilikoma mahali miguu ya wapangaji ilipochoka. Kisha ikaja lifti. Katika miaka ya 1870 na 1880 likapandishwa jengo la kupangisha lililoitwa Queen Anne's Mansions, ghorofa zaidi ya kumi, na miongoni mwa waliochukizwa alikuwa Malkia Victoria mwenyewe, kwa kuwa lilimzibia macho upande wa Bunge. Zikafuata sheria za 1890 na 1894, na hii ya pili ikaweka mpaka wa futi 80, yaani kama mita 24. Twakiri kwamba inachekesha kidogo: maelfu ya watu walikuwa wamekwisha zibiwa jua katika vichochoro vya mji ule, na sheria ikaharakishwa alipozibiwa dirisha mtu mkubwa.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha kanisa la St Paul's. Kanisa hilo lilijengwa upya na Christopher Wren baada ya moto mkubwa wa 1666, likakamilika mnamo 1710, na kuba lake lenye kimo cha mita 111 likawa jengo refu kuliko yote mjini kwa miaka zaidi ya 250. Mwaka 1933 Posta ya Uingereza ikakamilisha jengo kubwa la mitambo ya simu, Faraday Building, kati ya kanisa na mto Thames. Watu waliokuwa wakilitazama kuba kutoka ng'ambo ya mto wakakuta ukuta. Na jengo hilo halikuwa la tajiri mwenye tamaa. Lilikuwa jengo la Serikali, la huduma ya umma. Tunalisema hili kwa faida ya wale wanaodhani kwamba uharibifu wa namna hii hufanywa na mabwanyenye peke yao. Ofisi ya umma isiyo na kipimo huharibu vile vile, na pengine kwa dhamiri iliyotulia zaidi.

Ndipo msimamizi wa majengo ya kanisa hilo, Godfrey Allen, alipofanya kazi ambayo karani yeyote mwenye subira angeweza kuifanya. Alikwenda katika madaraja na katika kingo za mto, mahali ambapo watu wa kawaida husimama, akachukua vipimo vya mistari ya macho kutoka hapo mpaka kwenye kuba. Kisha akaigawa ramani ya mtaa katika miraba, na kila mraba akauandikia kimo ambacho paa halitakiwi kukipita. Kimo hicho hakikuhesabiwa kwa ghorofa wala kutoka barabarani, bali kutoka usawa wa bahari, ili mtu asije akacheza na mteremko wa ardhi. Katika miaka ya mwisho ya 1930 wakuu wa mji wakaukubali utaratibu huo kwa maafikiano, bila sheria ya Bunge. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza mitaa yote inayolizunguka kanisa, na watu wa kujitolea wakakesha juu ya paa wakizima moto kwa ndoo na pampu za mkono. Vita vilipokwisha, viwanja vile vilikuwa vitupu na thamani yake kubwa mno. Ungekuwa wakati mzuri wa kuisahau ile miraba ya Allen. Haikusahauliwa, na hata leo inatumika.

Wenye majengo wakajifunza kuishi nayo. Mwaka 2014 ulikamilika mnara wa ofisi katika mtaa wa Leadenhall, wenye mita 225, ambao upande wake mmoja umekatwa mshazari kutoka chini mpaka juu kama kipande cha jibini. Watu wa huko wanaufanyia mzaha kwa umbo lake. Sababu ni kwamba mtu aliyesimama Fleet Street akilitazama kuba la St Paul's asiuone mnara huo ukilisonga. Mwenye jengo alipoteza sehemu ya ofisi za juu, ambazo ndizo za kodi kubwa, na hakufilisika.

Na wapi waliteleza? Katika bustani ya Richmond, kusini-magharibi ya London, kuna kilima ambacho kutoka juu yake mtu hulitazama kuba la St Paul's kupitia uwazi uliokatwa katika miti, umbali wa kilomita 16. Mstari huo unalindwa, na yote yaliyo mbele ya kuba yalichungwa vizuri. Mwaka 2016 watu waliotazama kutoka kilimani wakaona mnara mpya umechomoza nyuma ya kuba. Ulikuwa umejengwa Stratford, kilomita kadhaa upande wa pili wa kanisa, mahali ambapo hapana karani aliyefikiria kuchora mstari. Waliolilinda kuba walizuia mtu asisimame mbele yake, wakasahau kwamba anaweza kusimama nyuma.

Kwa Mji Mkongwe jambo hilo si dogo. Mji ule hutazamwa kutoka baharini, na nyuma yake iko Ng'ambo. Nyumba itakayoinuka sana Ng'ambo, hata ikiwa nje kabisa ya mpaka wa turathi, itaonekana juu ya mapaa ya Shangani na Forodhani kama mtu mrefu aliyesimama nyuma ya safu ya watu waliokaa. Kwa hiyo anayeipigia ramani Ng'ambo hana budi kupanda boti kwanza.

Wengine watasema kwamba orodha ya Urithi wa Dunia ni heshima ya makaratasi tu. Mji wa Cologne wa Ujerumani uliingizwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, kwa sababu ya minara iliyokusudiwa kujengwa ng'ambo ya mto Rhine kulielekea kanisa lake kuu. Wakuu wa mji wakaipunguza mipango yao, na mwaka 2006 jina likaondolewa katika hatari. Liverpool haikupunguza. Ilionywa, ikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2012, ikaendelea na majumba yake ya bandarini, na Julai 2021 ikafutwa kabisa. Liverpool ni mji wa nchi tajiri, nao utaishi bila jina hilo. Unguja, ambako wageni wengi wanaoshuka pale bandarini wamekuja kuutazama mji huo huo, hatuna hakika kama ingeweza kusema vivyo hivyo.

Iko hoja moja ambayo hatupendi kuipita haraka, kwa kuwa ni ya wafanyakazi wenyewe. Watu wanazidi, vyumba havitoshi, na kodi inapanda. Je, si dhambi kuzuia ghorofa wakati familia ya watu saba inalala katika chumba kimoja? Jibu lipo katika historia ya Unguja yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaka kuwatoa watu wa Ng'ambo katika vibanda vya udongo, ikajenga Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yale majumba marefu ya ghorofa yanayojulikana na kila mtu. Mtu aweza kuyapenda au asiyapende. Lakini majumba hayo hayakujengwa Forodhani. Yalijengwa mahali penye nafasi, na familia nyingi zikapata mlango wa kufunga na bomba la maji. Kinyume chake, tuulize ghorofa zinazoongezwa katika Mji Mkongwe siku hizi zinamlaza nani. Ni mikahawa ya juu ya mapaa na vyumba vya wageni. Si haramu, lakini asitokee mtu akazitetea kwa jina la mfanyakazi asiye na chumba.

Mfanyakazi huyo, ikiwa anakaa Mji Mkongwe, yumkini anakaa chini yake. Nyumba nyingi za kale zilizochukuliwa baada ya Mapinduzi zilipangishwa kwa familia kadhaa kwa kila nyumba, na matengenezo yakawa haba. Ukuta wa chokaa unapumua: hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji unyevu hubaki ndani, chokaa ikawa kama mchanga, na boriti huoza mahali zilipoingia ukutani, pasipoonekana na mtu. Juu ya ukuta wa namna hiyo mtu anataka kupandisha zege na tangi la maji! Anayehatarishwa si mgeni wa juu mwenye kunywa chai akitazama machweo. Ni mpangaji wa chini. Na si Unguja tu. Tarehe 29 Machi 2013, katikati ya Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuwaua watu 36. Jengo hilo halikuwa karibu na turathi yoyote, nasi hatusemi kwamba sababu zake ni hizi za chokaa na boriti. Twalikumbusha kwa kuwa wako wanaosema kimo ni jambo la wapenda picha na wachoraji.

Katika Washington, mji mkuu wa Marekani, kanuni ni nyepesi kuliko hizo za London. Sheria ya mwaka 1910 inakifunga kimo cha jengo kwa upana wa barabara iliyo mbele yake: upana wa barabara ujumlishe futi 20, hapo ndipo mwisho wako, pamoja na mpaka wa juu ambao barabara yoyote haiwezi kuupita. Watu husema kwamba iliwekwa ili jengo lisilipite Bunge. Sivyo, ni upana wa barabara tu. Kanuni hiyo haiwezi kuhamishiwa Mkunazini kama ilivyo, ambako mahali pengine watu wawili wenye makapu hupishana kwa kugeuka ubavu, wala nyumba za wazee hazikuifuata. Lakini ina sifa moja kubwa: mtu yeyote mwenye kamba na macho anaweza kuipima. Haingoji mtaalamu.

Ni sifa hiyo ambayo tungependa kuiona katika vibali vyetu. Kibali kinachosema ghorofa tatu hakisemi kitu. Ghorofa ya nyumba ya kupangisha inaweza kuwa mita tatu, na ghorofa ya hoteli ikawa mita nne na nusu, kisha juu ya paa kikaja chumba cha lifti, na juu ya chumba cha lifti bango. Kiandikwe kwa mita, kutoka usawa wa bahari mpaka kitu cha mwisho kilicho juu, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani kwenye kiwanja, kwa Kiswahili, tangu siku ya kwanza ya kuchimba msingi. Mwashi anayetandika tofali naye ajue kimo alichoamriwa, ili akiambiwa apandishe zaidi aweze kuuliza.

Na kabla hata ya kibali, upo utaratibu wa Uswisi ambao hauna gharama kubwa. Huko, anayetaka kujenga hulazimishwa kwanza kusimamisha miti au mabomba membamba katika pembe za kiwanja, mpaka kimo kamili cha nyumba anayoikusudia, na vipande vya kuonyesha mteremko wa paa. Miti hiyo hukaa kwa majuma ili majirani waone hewani umbo la nyumba isiyokuwako bado, na mwenye pingamizi alilete kwa wakati. Unguja haikosi miti, wala haikosi watu wa kuipandisha. Ikisimamishwa minne pale Shangani ikafungwa kitambaa chekundu juu, wavuvi wataiona wakitoka, abiria wa boti wataiona wakiingia, na wazee wa barazani watakuwa na mwezi mzima wa kuibishania kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.